Tofali Bichi

Mimi ni mfyatua matofali, Ipogolo, kando ya Ruaha Mdogo.
Niliishia la saba. Hesabu yangu ni ya tripu na elfu-elfu.
Kwa hiyo nesi aliponiita ofisini nilivua kofia,
nikasubiri kudaiwa.

Hakunidai. Aligeuza fomu, akachora kichwa kwa nyuma,
kalamu ikikwama kwama.
Humu ndani, baba Twilumba, akasema,
kuna kitu kidogo kama harage.
Kazi yake kupiga yowe: Chui! Moto! Kimbia!
Na hapa mbele, nyuma ya paji la uso,
ndipo pa kuuliza: chui gani? yuko wapi?
Kwa mtoto wa miaka kumi na sita
harage limeshajua kazi.
Hapa mbele bado panajengwa,
hata akiolewa patakuwa panajengwa.

Nani anajenga? nikauliza.
Akacheka kidogo.
Usingizi, akasema. Chakula. Na ninyi.

Usingizi!
Mwezi wa saba, baridi ya kupasua midomo,
saa tisa za usiku mwanangu kajifunika blanketi kichwani,
taa ya sola, daftari la kemia,
na mimi kifua mbele kwa majirani:
kwangu taa haizimwi.

Matokeo ya majaribio yakabandikwa.
Kutoka wa nne hadi wa thelathini na moja.
Nikamwambia: ada yako ni mgongo wangu huu.
Sentensi ile, kama ingekuwa na mpini
ningeivuta nikairudisha.

Tumbo likawa linamuuma kila Jumatatu.
Tukampa tangawizi, tukampa dawa ya minyoo.
Akasahau chumvi kwenye mboga,
akasahau jina la binamu yake wa Ilula.
Kwenye mtihani kiganja kinatoka jasho mpaka karatasi inalowa.
Kichwa kinakuwa cheupe, baba,
kama mtu amepita na dasta.
Nami nikamjibu: uvivu.

Nesi akasema, hofu ya siku moja ni mbwa wa getini, mwacheni.
Ikilala ndani miezi
inambwekea mpaka mwenye nyumba.

Hapo ndipo nilipomwelewa, kwa sababu ya matofali.
Mwaka ule wa deni la mbolea nilipanga tanuru kwa pupa.
Nje yamekauka, ukigonga yanalia vizuri.
Tumboni mabichi.
Nikawasha.
Usiku wa pili nikayasikia:
pa.
Kimya.
Pa, pa.
Maji yanatafuta mlango na mlango hakuna.
Elfu kumi na mbili; nusu sikuuza.
Udongo haukuwa na kosa. Udongo wa Ruaha ni mzuri.

Kofia mkononi, nikamuuliza:
na yaliyokwisha pasuka?
Akanitazama muda.
Mtoto si tofali, baba Twilumba.
Huyu bado anashika maji.

Nilirudi kwa miguu, nikitafuta maneno njia nzima,
nikafika sina hata moja.
Saa nne nikazima taa mwenyewe.
Nikasema, njoo unisaidie kufunika, usiku huu kutakuwa na ukungu.
Akaja na blanketi lake.
Tukatandaza nyasi juu ya yale ya jana,
safu kwa safu, yeye mwisho ule, mimi mwisho huu.
Katikati tulipokutana nikasema:
mgongo ni wangu. Hujaukalia wewe.

Hakujibu.
Alichuchumaa, akabonyeza kidole gumba
kwenye tofali la pembeni, likabonyea.
Kwa kawaida nalainisha.
Sikulainisha.

Sisemi amepona.
Jana kitanda chake kililia saa tisa ile ile.
Sikumwita.
Nilikohoa tu,
ajue kuna mtu mwingine yuko macho.